Kitasa Mkononi mwa Shemeji

Ukiingia hospitali ya wagonjwa wa akili iliyotelekezwa, kabari ni muhimu kuliko kamera. Chukua mbili, za mbao, urefu wa kiganja. Jengo likiachwa miaka mingi hutitia upande mmoja, fremu zinapinda, na mlango unajifunga wenyewe taratibu hata upepo ukiwa umelala. Mbao inaoza, lakini ulimi wa kitasa ni wa shaba, nao unaruka kwenye tundu lake kama jana tu.

Hayo yote nilimweleza shemeji tukiwa njiani, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ameshika kabari. Nikamvalisha barakoa ya kuchuja vumbi laini, maana humo ndani kuna mavi ya njiwa, rangi ya zamani yenye madini ya risasi, na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, iliyofungiwa mabomba ya mvuke. Nikamfundisha kutembea kandokando ya ukuta, kwa sababu katikati ya chumba linoleamu, lile tandiko la sakafu, inaonekana nzima huku mbao za chini yake zimekuwa uji. Pembeni ndiko boriti zinakokaa juu ya tofali. Na usiokote kitu. Hospitali ya Willard, jimbo la New York, ilipofungwa mwaka 1995, darini yalikutwa masanduku ya safari kama 400 ya wagonjwa, yakiwa bado na nguo na barua zao. Yalifika kwetu kwa sababu hakuna mjanja aliyepita kwanza akabeba "kumbukumbu".

Shemeji akaitikia, "Sawa, shemeji." Tukasaini daftari la mlinzi, watu wawili, tukaingia.

Jengo lilikuwa la ramani ya Kirkbride, daktari wa Marekani aliyechapisha kitabu chake cha ujenzi mwaka 1854. Katikati utawala, kushoto na kulia mabawa yanayorudi nyuma hatua kwa hatua, ili kila wodi ipate jua na upepo wake. Alisema wagonjwa wasizidi 250. Hospitali ya Weston, West Virginia, iliyofunguliwa 1864, ilijengwa kwa idadi hiyohiyo, na miaka ya 1950 ilikuwa na watu wapatao 2,400. Watulivu walilala karibu na utawala. Wenye makelele walipelekwa ncha ya mwisho kabisa ya bawa, wasisikike.

Tukaenda ncha ya mwisho kabisa ya bawa.

Huko ndiko kwenye vyumba vya upweke. Kabari ya kwanza niliiacha mlango wa ngazi. Ya pili niliiweka chini ya mguu wa stendi ya kamera, kwa kuwa sakafu ya korido imelala upande na picha ya gizani inataka sekunde 8 bila kutikisika. Kabari zikaisha, maneno hayakuisha. Nikaingia chumbani kuendelea na somo.

"Angalia, shemeji. Mlango unafunguka kwa nje, mgonjwa asiweze kuuzuia kwa kitanda. Kwa hiyo bawaba nazo ziko nje, huwezi kuzing'oa ukiwa ndani. Ndani hakuna kitasa, bamba tupu. Kuta zimevikwa turubai lililojazwa manyoya ya farasi, mtu asijiumize, na sauti inamezwa. Funga uone."

Akafunga. Nikasikia *kliki*. Nikagonga mara mbili: fungua. Nje, shemeji akavuta kwa nguvu za mtu mtiifu.

Hapa kuna jambo ambalo somo langu lililiruka. Kitasa cha kawaida kina vifundo viwili vya kushikia, ndani na nje, vinavyoshikana kwa chuma cha pembe nne kinachopita katikati ya mlango. Mlango usio na kifundo cha ndani hushikilia chuma hicho kwa pini ndogo tu, na pini ni ya chuma, inaliwa na kutu. Ukikishika kitasa kama hicho, kijaribu kwa kukivuta *kabla* mtu hajaingia ndani.

Kwenye kioo cha tundu la kuchungulia kikatokea kitasa, kimeshikwa juu kama kombe la ubingwa, chuma chake cha pembe nne kikining'inia. Nyuma yake, macho ya shemeji.

Nikapiga kelele: "Kirudishe! Sukuma, zungusha!" Lakini nina barakoa, kuta zina manyoya ya farasi, na nje naye ana barakoa yake. Nikaamua kutumia mikono. Nikasukuma hewa, nikazungusha. Nikasukuma, nikazungusha. Shemeji akanitazama kwa muda, akanipungia mkono polepole, akatoweka. Na kitasa kaondoka nacho.

Dakika arobaini. Sasa kila nilichokuwa nakisifu nilikikagua kwa karibu. Bawaba: nje, kweli. Bamba: tupu, kweli. Dirisha linafunguka upana wa ngumi, basi, kama walivyokusudia. Kazi safi sana.

Mlinzi alipofika alikitazama kitasa mkononi mwa shemeji, akakichukua, akakisukuma tunduni mwake, akazungusha robo mzunguko. Mlango ukafunguka. Sekunde tatu.

"Wewe ndiye mtaalamu?" akaniuliza.

Usiku nikafungua picha. Moja tu ndiyo ilitoka vizuri, ambayo sikuipiga mimi: kabla ya kukimbilia msaada, shemeji alikuwa amegeuza kamera kwenye tundu la kuchungulia, sekunde 8 kamili kama nilivyomfundisha. Misumari ya bamba inahesabika, tundu la kitasa liko wazi jeusi, hakuna hata chembe ya mtikisiko, kwa sababu ya kabari. Nyuma ya kioo kuna uso wangu, wenye midomo minne na mikono isiyohesabika.