Crawford na Usyk tuwaweke wapi kati ya wakali wa ngumi wa muda wote?

Tangu bondia wa Marekani Terence Crawford ampige Canelo Álvarez wa Mexico pale Las Vegas, Septemba 13, 2025, na miezi mitatu baadaye akatangaza kustaafu na rekodi ya 42-0 (kashinda 42, hajapoteza hata moja), ubishi wa wapenda ngumi umekuwa mmoja tu, huyu jamaa anakaa meza moja na kina Sugar Ray Robinson, yule mkali wa miaka ya 1940 na 50, au bado? Na ukimtaja Crawford lazima Oleksandr Usyk wa Ukraine naye aingie, maana wote ni wa 1987, wote wamekusanya mikanda yote kwenye uzito zaidi ya mmoja, na Usyk alipomzima Daniel Dubois Wembley Julai 2025 alifikisha 24-0. Wako wanaosema hawa wawili washaingia, mjadala umefungwa. Na wako wakongwe wanaosema mapambano 24 hata hayatoshi kumjua bondia.

Mimi naona pande zote mbili zinahesabu vitu visivyo vyenyewe. Hawa wanahesabu sifuri ya kutopoteza, wale wanahesabu wingi wa mapambano. Kinachotakiwa kuulizwa ni alimpiga nani, huyo mtu siku hiyo alikuwa kwenye kiwango gani, na mazingira yalimpendelea nani.

Tuanze na sifuri. Floyd Mayweather kamaliza 50-0, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema hakuwa fundi, kwa ulinzi sijui kama kuna aliyemfikia kwa miaka 30 hii. Lakini angalia ile 50 yenyewe ilitoka wapi: Agosti 2017 kwa Conor McGregor, mpiganaji wa MMA ambaye ndo kwanza alikuwa anacheza pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa. Na Manny Pacquiao walikutana 2015, wakati watu walianza kulilia lile pambano tangu 2009. Sifuri inafundisha mabondia kusubiri, promota anamtunza mtu wake mpaka mpinzani achoke, halafu sisi tunapewa rekodi safi tuishangilie.

Sasa mweke Muhammad Ali pembeni yake. Anatua Kinshasa Oktoba 1974 ana miaka 32, kashapigwa na Joe Frazier 1971, kashavunjwa taya na Ken Norton 1973, na anayemsubiri ni George Foreman wa miaka 25, 40-0, ambaye Frazier na Norton wote aliwamaliza ndani ya raundi mbili mbili. Pambano likapigwa usiku wa manane kuelekea alfajiri ili Marekani waone kwenye saa zao, raundi ya nane Foreman yuko chini. Ali alimaliza na vipigo vitano, na hakuna hata kimoja kilichomtoa kwenye nafasi yake. Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati wa miaka ya 80, vilevile, kapoteza matatu, lakini watu wakimtaja wanakumbuka alivyosimama raundi 11 Machi 1986 na John Mugabi wetu wa Kampala, mtu ambaye mpaka siku ile kila aliyepanda naye ulingoni alimaliza kwa KO.

Wanaohesabu wingi nao wana hoja nzito, tena kuliko vijana wanavyotaka kukubali. Februari 1943 Robinson alipoteza kwa Jake LaMotta tarehe 5 pale Detroit, hilo ndo pambano lake la kwanza kupoteza, tarehe 19 akapanda New York na Jackie Wilson akashinda, tarehe 26 akarudi Detroit kwa LaMotta huyohuyo akampiga. Wiki tatu! Leo bingwa akicheza mara mbili kwa mwaka tunasema anajituma. Halafu Robinson ana ushindi zaidi ya 170, na alipofika hapo alikuwa kashakutana na kila aina ya bondia, warefu, wafupi, wa mkono wa kushoto, wa kukumbatia, kwa hiyo vitu alivyokuwa navyo kichwani huwezi kuvipata kwa mazoezi ya kambini peke yake.

Ila tuwe wakweli pia, kwenye hizo 170 wengi walikuwa wapiganaji wa kutafuta ugali tu, majina ambayo hata watu wa ngumi wa siku zile walishayasahau. Ukichuja ukabaki na wale wa daraja la juu unapata orodha bado ndefu sana, na ndo maana Robinson kwangu ni namba moja na sioni wa kumtoa, lakini ni kwa sababu ya hao wa juu.

Kuna jambo lingine watu hawaligusi. Enzi za Henry Armstrong uzito ulikuwa minane na kwa kawaida kila uzito una bingwa mmoja, na 1938 alishika ubingwa wa uzito mitatu kwa mpigo. Leo uzito ni 17, mashirika makubwa manne, kila shirika lina mkanda wake. Kwa hiyo nikisikia "bingwa wa uzito tano" simshangai mtu, nauliza kwanza alimnyang'anya nani. Lakini kuchukua mikanda yote minne ya uzito mmoja, hapo unarudi kwenye hali ya zamani ya bingwa mmoja asiyepingwa, na Crawford kafanya hivyo mara tatu, uzito wa ratili 140 mwaka 2017, 147 mwaka 2023, 168 mwaka 2025, mwanaume wa kwanza tangu mikanda iwe minne. (Claressa Shields alimtangulia kwa upande wa wanawake miezi kadhaa kabla, na anastahili kutajwa kila hii rekodi ikitajwa.)

Wanaompinga Crawford wanasema hivi, Errol Spence aliyempiga 2023 hakuwa yule wa kabla ya ajali ya gari ya 2019 na operesheni ya jicho, Canelo alikuwa na miaka 35 na mwili umeshachoka, na miaka mingi hapo katikati Crawford alikuwa anapiga watu wa kawaida. Hilo la mwisho ni kweli, ukitoa Shawn Porter sioni jina kubwa likiwa kwenye ubora wake. Promota wake alikuwa upande mmoja na wapinzani wazuri wa 147 upande mwingine, sio kosa lake peke yake, lakini rekodi haiandiki nani alikosea. Kuhusu Spence mimi sikubali. Spence alipanda akiwa na mikanda mitatu, hajapoteza, na kabla ya kengele wachambuzi wengi walisema ni hamsini kwa hamsini. Kaangushwa mara tatu, refa kamaliza raundi ya tisa. Na kwa Canelo, aliyekuwa anakaribia miaka 38 ni Crawford, aliyepanda madaraja mawili ya uzito ni Crawford, mtu aliyechukua ubingwa wa kwanza Glasgow 2014 kwa Ricky Burns akiwa na kilo 61. Kwangu anaingia, lakini chini ya Sugar Ray Leonard wa miaka ya 80, maana Leonard aliwapiga Hagler, Hearns, Durán na Benítez, na Crawford hana watu wanne wa namna hiyo.

Usyk ndo namtetea bila kigugumizi. Nenda kwenye miji, maana hapo ndo siri yake iko. Głowacki kampiga Poland, Huck kampiga Berlin, Briedis kampiga Riga, Gassiev Moscow, Bellew Manchester, Joshua London, Dubois mara ya pili London. Ubingwa wote wa kruza (uzito ulio chini ya heviweti) kaukusanya nyumbani kwa watu, ndani ya mapambano 15 tu, halafu akapanda heviweti, uzito wa juu kabisa, kwa watu waliomzidi urefu na kilo. Tyson Fury wa Uingereza kwenye marudiano ya Desemba 2024 alimzidi zaidi ya kilo 20 kwenye mizani, na majaji wote watatu wakampa Usyk 116-112.

Hoja ya upande wa pili nayo naijua, kwamba hawa maheviweti ni dhaifu kuliko wa miaka ya 70, kwamba Joshua alishapigwa na Ruiz, kwamba pambano la kwanza na Fury lilikuwa la majaji kugawanyika, na ile ngumi ya Dubois iliyomwangusha Usyk kule Wrocław, Poland, 2023, ambayo refa alisema ilipigwa chini ya kiuno, bado ina watu wanaosema ilikuwa halali. Ya Wrocław naiona ilikuwa chini ya kiuno kweli. Udhaifu wa kizazi, nusu nakubali, simwoni Usyk akimpita Ali wala Joe Louis. Ila ukiniuliza yeye na Evander Holyfield, ambaye naye alitawala kruza kisha heviweti, namweka Usyk juu kidogo kwa sababu ya hizo safari.

Naoya Inoue wa Japani bado namsubiri. Kashika mikanda yote ya ratili 118 na ya 122, alipoangushwa na Nery 2024 na Cárdenas 2025 aliinuka akawamaliza wote wawili, lakini jina zito zaidi kwenye orodha yake bado ni Nonito Donaire, ambaye 2019 alikuwa karibu miaka 37. Akipanda 126 akamkuta bingwa mwenye mwili wa kweli, nitamhesabu upya.