Eti Nafasi Imejaa

Juzi saa tano na dakika 40 usiku, niko chumbani Mwanga hapa Kigoma, bando linakata roho, napandisha ripoti kwenye mfumo wa masomo wa chuo. Mwisho wa kupokea ni saa sita. Mstari ukajikokota mpaka asilimia 98, halafu: "Umezidi nafasi uliyotengewa." MB 100! Picha 20 nilizopiga kwa simu pale mwalo wa Kibirizi, MB tano tano kila moja, zimeshaimaliza.

Haya, nifute. Nifutie wapi sasa? Kwenye simu menyu ya mafaili haionekani mpaka uilaze skrini. Nikafuta "ripoti", "ripoti mpya" na "ripoti mpya kabisa" (hapo nakiri, uchafu ni wangu). Kipimo hakikusogea hata kidogo. Kumbe nilivyofuta vimehamia pipa la taka, na huko navyo vinahesabiwa!

Saa sita ikapita.

Asubuhi nikampigia kaka wa TEHAMA. "Pole mdogo wangu, nafasi inaongezwa kwa fomu. Ijaze, uiskani, kisha uipandishe." Niipandishe wapi, kaka? "Si hapo hapo kwenye mfumo."