Vigae vya kale vya Nyanda za Juu Kusini: visagwe maabara au viachwe?

Kila ikitajwa habari ya watafiti kuchukua vigae vya vyungu vya kale huku kwetu, iwe ni Iringa kwenye mapango ya Mlambalasi na Magubike au kwingine, watu wanagawanyika, kuna wanaosema hiyo ni sayansi waacheni wafanye kazi, na kuna wanaouliza kwa nini kitu cha mababu kisagwe kiwe unga halafu majibu yakatolewe Ulaya. Wote wana hoja jamani, ila ile ambayo mimi naiona nzito kuliko zote haitajwi kabisa.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Chungu cha udongo kina vitundu vidogo mno, ukipikia nyama au ukichemshia maziwa mafuta yanazama ndani ya ule udongo na yanaweza kukaa humo maelfu ya miaka, maana maji hayayachukui na bakteria hawayafikii kirahisi. Mtaalamu anakwangua ile ngozi ya juu iliyoshikwashikwa, anasaga gramu 2 hivi, anayatoa mafuta kwa kemikali za kuyeyushia, klorofomu na methanoli, halafu anayapitisha kwenye mashine za kuyachambua. Akitaka kujua ni mafuta ya mnyama gani anapima uwiano wa aina za kaboni, nyepesi na nzito, kwenye asidi mbili za mafuta, palmitiki na steariki, na hapa ndipo panaponifurahisha, kwa sababu kiwele cha ng'ombe au mbuzi hakitengenezi asidi steariki chenyewe, sehemu yake inatoka moja kwa moja kwenye majani aliyokula mnyama, kwa hiyo mafuta ya maziwa yanabeba alama ya kaboni iliyo tofauti na mafuta ya nyama ya mnyama huyohuyo! Kazi hii iliendelezwa sana na Richard Evershed na wenzake wa chuo kikuu cha Bristol, Uingereza.

Faida yake ni kubwa. Mifupa inakwambia walikuwa na ng'ombe, haikwambii kwa uhakika kama walikamua. Mwaka 2012 vigae vya Takarkori, kusini magharibi mwa Libya, vilionyesha watu wa Sahara walikuwa wanatumia maziwa miaka kama 7,000 iliyopita, wakati Sahara ina majani. Mwaka 2020 ikatoka kazi ya Katherine Grillo na wenzake, wakiwemo Watanzania Agness Gidna na Audax Mabulla, kwenye vigae vya Kenya na Tanzania pamoja na vya Luxmanda kule Manyara, wakakuta mafuta ya nyama, ya maziwa na ya mimea. Ukiweka hayo pamoja na utafiti wa jeni wa Sarah Tishkoff wa 2007, ulioonyesha kwamba uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa ulizuka kwa wafugaji wa Afrika Mashariki kivyake bila kutokea Ulaya, unapata historia ambayo hakuna mzee angeweza kukusimulia. Anayesema kazi hii haina maana kwetu simuelewi.

Sasa upande wa pili. Mtu wa Iringa akiuliza "hicho kitu kikiondoka kitarudi lini" asionekane mjinga, fuvu la Mkwawa liliondoka baada ya kifo chake 1898 likarudi 1954, na leo liko Kalenga kila mtu anaweza kwenda kuliona. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na kuna vibali, sawa, lakini kibali kinalinda kitu, hakimfikishii majibu mwanakijiji ambaye shamba lake lilichimbwa. Hoja hii naikubali yote. Ile ya kwamba kusaga ni kuharibu naikubali nusu tu, maana gramu 2 za kigae kilichokwisha pigwa picha na kuchorwa ni hasara ndogo kuliko vigae vinavyosuguliwa kwa brashi, vinavyoshikwa mikono mitupu yenye mafuta ya ngozi na kuwekwa kwenye mifuko ya plastiki ambayo nayo inaacha kemikali zake humo ndani.

Ninachokiogopa zaidi ni majibu yenyewe kuaminiwa kuliko yanavyostahili. Mashine inaona mafuta, na chakula cha huku kwetu kingi hakina mafuta, ulezi, ndizi, viazi, mboga za majani, vyote vinaacha alama hafifu sana, ukipika ndizi siku kumi na nyama siku moja ile nyama ndiyo itakayopiga kelele kwenye majibu. Halafu ulanzi, ile pombe ya huku kwetu, unagemwa kwenye mianzi, maziwa mengi yaligandishwa kwenye vibuyu, na vitu hivyo vinaoza vikaisha, kwa hiyo mtu atakuja kuandika kwamba watu wa eneo fulani hawakunywa maziwa kumbe hawakuyaweka kwenye udongo tu. Mahindi, mtama na ulezi nayo kaboni yake inafanana, kwa kipimo hicho peke yake hutenganishi pombe ya ulezi na ya mahindi. Hata asidi tatariki ambayo wengine wanaichukua kama ushahidi wa divai ya zabibu imejaa kwenye ukwaju, na kwenye ubuyu ipo pia.

Na kuna hili la kuziba chungu. Sehemu nyingi za Afrika chungu kipya kabla hakijatumika kinapikiwa uji, au kinapakwa mafuta au utomvu wa mimea ili kisivuje, sasa hiyo inaingia kwenye udongo kabla ya mboga yoyote, na mtu wa maabara asiyejua atasema ni chakula.

Ndiyo maana nasema kabla ya kusaga kigae kingine cha kusini watafiti waende kwanza kwa kinamama wa Kikisi kule Ikombe na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ambao wanafinyanga mpaka leo. Wawaulize chungu kinazibwaje na kwa nini, wanunue vyungu kwa bei ya haki, wapikie ulezi, maharage, samaki wa ziwani na maziwa, kila kimoja na chungu chake, wavipime. Mwaka 2020 lilitoka jaribio la kupikia vyungu mwaka mzima, likaonyesha ukoko ulioungua unabeba zaidi mlo wa mwisho wakati mafuta yaliyozama yanachanganya milo mingi ya nyuma, na hakuna sababu ya sisi kukosa jaribio letu kwa vyakula vyetu. Majina ya hao kinamama yaandikwe kwenye ripoti kama wataalamu, nusu ya kila kigae ibaki nchini bila kusagwa, na majibu yasomwe kijijini kwa Kiswahili kabla hayajatoka kwenye jarida. Wakifanya hivyo mimi niko upande wa wanaosaga.