Dumu Halina Likizo

Baba mkwe amepiga simu leo asubuhi, hata mswaki sijapiga. Hakuuliza hali, hakuuliza wajukuu. "Mkwe, Pasaka hii mje na madumu mawili. Lile la Krismasi lilikuwa dogo."

Dogo! Lita 20!

Jamani, mimi ni mtu wa heshima zangu. Hapa mtaani Moshi naamkiwa shikamoo na watu wenye vipara. Lakini ukishasafiri na dumu la mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, kutoka Kibosho mpaka Mbezi ya Dar, heshima unaiacha njiani kipande kipande.

Najua nafuu ipo. Unabeba ndizi iliyopikwa ikachachuka, kimea cha ulezi unakifunga pembeni, unakwenda kukorogea Dar. Mzee hataki. Anataka iliyokorogwa na mama yuleyule wa Kibosho, ya mwingine yeyote anaiita uji wa wagonjwa. Na mbege ikishatiwa kimea haijui kama wewe uko likizo, yenyewe iko kazini. Krismasi ile mama huyo alinikabidhi dumu saa kumi alfajiri na onyo moja: "Baba, kifuniko usikikaze. Inapumua."

Saa kumi na mbili, stendi.

"Mzee, hiyo nini?" Konda huyo.

"Uji."

Akainama, akanusa. "Uji wa nani?"

"Wa mkwe."

"Kaza kifuniko."

"Haukazwi."

"Basi haupandi."

Nikakaza mbele yake, kama mtoto anayemezeshwa kwinini. Kwenye buti akakataa, eti utanukisha mizigo ya watu. Dumu likakaa katikati ya magoti yangu, na nauli yake nikailipa.

Ikawa kila baada ya nusu saa nalegeza, tsss, nakaza. Konda akigeuka, mimi natazama milima kama mtalii. Mpaka Mwanga tulielewana. Tulipofika Same, kwetu kabisa, jua likaingia zamu. Dumu likaanza kunenepa. Likatoa kitambi, kitambi kikagusa changu. Jirani yangu, mama wa kwaya na kitenge chake kipya cha sikukuu, akasogea dirishani.

"Kaka, mbona linatoa povu?"

"Dawa ya mifugo, mama."

Uongo wa pili kabla ya saa nne, tena Bwana anakaribia kuzaliwa.

Tulipopita Hedaru trafiki akatusimamisha. Sijui wanadaiana nini na madereva, ila dakika 20 konda alisimama ubavuni kwangu na karatasi zake, na mimi nimekumbatia bomu, nashindwa hata kulegeza nusu mzunguko. Tukaruhusiwa. Dereva akataka kufidia muda. Karibu na Mombo kuna tuta. Dereva hakuliona, mbege ililiona.

Paa! Kifuniko kikapiga dari. Povu likafuata na chembe za ulezi, likagawa bila ubaguzi: kitenge, kuku wa mtu, shati langu jeupe. Mzee mmoja wa siti ya nyuma, aliyelala tangu Himo, akaamka, akalamba midomo, akauliza kwa upole, "Ya Kibosho hii?"

Konda akanitazama. "Mzee, uji umeiva."

Alitaka iliyobaki imwagwe. Mimi Mpare, nimwage kitu nilichokilipia nauli? Nililipa ya kuosha basi, nikaendelea kukumbatia nusu yangu mpaka Dar. Bodaboda wa Mbezi naye akadai sisi ni abiria wawili. Sikubishana, nilikuwa nimeshazoea.

Jioni wazee sita wamekaa uani, kata iko tayari. Mleta pombe anaonja kwanza, waone kama atakufa. Nilionja. Siki! Machozi yakanitoka, wakadhani ni furaha ya kuonana. Kata ikazunguka kimya kimya, ikarudi kwa baba mkwe. Akapangusa mdomo.

"Imekwenda kidogo. Sasa mkwe, nusu nyingine mliinywea wapi?"

Na wakaimaliza yote, machicha na machicha.

Shati nilimpelekea dobi. Utomvu wa ndizi haukutoka, hela yangu ilitoka. Sasa mke wangu yuko stoo anatafuta madumu ya Pasaka, ananiita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: la Krismasi analo, kifuniko kiko wapi? Kifuniko! Nimwambieje kilipigania uhuru wake Mombo? Dukani wanauza dumu zima tu, kifuniko peke yake hakuna anayeuza. Nimeuliza maduka matatu. Wa tatu aliniuliza ni cha nini, nikamwambia cha uji.