Ubishi, umakini na fedha: sheria ya kampuni inamfaa nani?

Kijana akijulikana kwa ubishi, watu humwambia akasome sheria. Ushauri huo una mantiki kwa anayeelekea mahakamani. Kwa sheria ya kampuni, yaani mauzo ya hisa, muungano wa kampuni, mikopo mikubwa na maazimio ya bodi, tunauona una kasoro. Katika kazi hii pande zote mbili zimekuja mezani kwa kuwa zinataka biashara ifanyike. Wakili anayetaka kushinda kila hoja huuchosha upande wa pili mpaka mpango unavunjika, na mteja wake ndiye aliyeuhitaji.

Lakini asiyeweza kubishana kabisa naye hafai. Tuseme muuzaji anahakikisha kwamba kampuni haidaiwi kodi. Usiku wa mwisho wakili wake anachomeka maneno matatu: "kwa kadiri ajuavyo". Deni likija kugundulika, sasa itambidi mnunuzi aonyeshe kwamba muuzaji alilijua. Mpole aliyeona haya kuyakataa maneno hayo amemtwisha mteja wake mzigo. Ubishi unaotakiwa ni wa kuchagua: mambo mawili matatu ya kushikilia mpaka mwisho, mengine kuyaachia mapema.

Umakini hauna mjadala, angalau mwanzoni. Mkataba unaweka kikomo cha fidia kuwa "kiasi kilichotajwa katika kifungu cha 9.3". Katikati ya majadiliano kinaongezwa kifungu kipya cha 4, vinavyofuata vyote vinasogea namba moja, na 9.3 sasa inahusu anwani za kupelekea barua. Wa kulibaini hilo ni wakili mchanga, anayeisoma rasimu ya kumi na mbili kwa macho yaleyale aliyosomea ya kwanza. Miaka yake ya awali ndiyo hiyo: kupekua mikataba ya kampuni inayonunuliwa, akitafuta, kwa mfano, kifungu kinachompa mwenye jengo haki ya kuvunja upangaji umiliki ukibadilika.

Cha ajabu, tabia hiyohiyo humkwamisha baadaye. Akishapanda ngazi haulizwi ameona makosa mangapi. Anaulizwa lipi linatosha kusimamisha malipo. Mteja anataka mistari mitano, si orodha ya hatari 40. Tena anayeogopa hata koma kukaa vibaya hashindwi tu kuamua, hushindwa pia kuwakabidhi wengine kazi.

Kuhusu fedha, wapo wanaodai kwamba aliyezifuata hatadumu. Hawawatendei haki watu wenye deni la masomo na familia ya kulea. Hizo ni sababu za heshima. Ila fedha ina udhaifu wake. Ofisi nyingi za mawakili hurekodi muda wa kazi wa kumtoza mteja kwa vipande vya dakika 6, na mshahara wa mwisho wa mwezi haumpi mtu hamu ya kufungua kiambatisho cha saba saa nane usiku. Anayejiuliza kampuni hii inapata faida wapi, hiyo hamu anayo. Na udadisi huo ni nyenzo ya kazi: asiyejua kwamba mapato yanatoka kwa wateja wawili tu hataipa mikataba yao uzito unaostahili.

Anayesita ajipime hivi: achukue waraka wa matarajio (maelezo kwa wanaofikiria kununua hisa) wa kampuni yoyote iliyouza hisa kwa umma, asome sehemu za vihatarishi na mikataba muhimu kwa saa 3 bila kushika simu, kisha aandike kwa mistari mitano ni nini kingemzuia kununua.