Hitilafu Iliyotumwa kwa Wote

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, kabla soko la hisa la New York halijafunguliwa, mfumo wa ndani wa Knight Capital, kampuni ya kununua na kuuza hisa, uliwatumia wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja hitilafu moja. Barua hizo zilipelekwa kwa kundi zima, hazikuwa zimekusudiwa kuwa tahadhari, na hakuna aliyezishughulikia. Soko lilipofunguliwa saa 3:30, seva moja kati ya nane, ambayo fundi alisahau kuiwekea msimbo mpya (maagizo ya programu), iliamsha msimbo wa zamani uliokuwa hautumiki tangu mwaka 2003 na kuanza kumimina oda za hisa. Katika muda wa dakika 45 hivi, kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460.

Wengi hukisimulia kisa hiki kuonya juu ya hatari ya kusambaza msimbo kwa mkono. Kwangu mimi, jambo zito zaidi ni zile barua 97, kwa sababu kosa la fundi mmoja lingeweza kunaswa mapema endapo mtu mmoja, kwa jina lake, angekuwa na wajibu wa kuzisoma.

Leo tuna zana bora. Sentry, iliyoanza mwaka 2008 kama kiongezi kidogo cha Django, mfumo wa kuundia tovuti, hukusanya maelfu ya matukio ya hitilafu ile ile na kuyafanya suala moja, ikionyesha mstari wa msimbo uliokwama na toleo la programu lililokuwa likitumika. Hata hivyo, timu nyingi huzielekeza arifa zake zote kwenye chumba kimoja cha gumzo, zikaamini kwamba zinafuatilia hitilafu, ilhali zimeunda upya zile barua 97.

Ninashikilia kwamba kila hitilafu iliyokubaliwa kuwa ni kazi ipewe mtu mmoja, wala si timu. Sikubaliani na mtindo wa kumtwisha moja kwa moja yule ambaye Git, zana inayotunza historia ya msimbo, inamtaja kuwa wa mwisho kuugusa mstari, maana huenda alipanga tu nafasi za maandishi, naye ataanza kuogopa kugusa msimbo wa wenzake. Afadhali awepo mtu wa zamu anayechambua hitilafu mpya kila asubuhi na kumkabidhi anayeijua sehemu husika. Uzito nao usipimwe kwa idadi ya matukio pekee: mteja mmoja aliyekatwa pesa kwenye simu bila oda yake kusajiliwa anastahili kutangulia picha iliyoshindwa kufunguka mara elfu moja.

Na zile ambazo timu haina nia ya kuzirekebisha? Zifungwe waziwazi. Bugzilla, mfumo wa kusajili kasoro za programu ambao mradi wa Mozilla uliutoa mwaka 1998, una hali maalumu ya kutamka kwamba kasoro haitarekebishwa, na ninaiona hali hiyo kuwa ya uungwana kuliko tiketi, yaani rekodi ya hitilafu, inayozeeka miaka mitatu bila jibu.

Aliyekabidhiwa ndiye aifunge tiketi, tena si siku alipomaliza kuandika marekebisho, bali baada ya toleo lenye marekebisho hayo kuwafikia watumiaji na hitilafu kutoonekana tena, huku jaribio la kuinasa ikirudi likiwa tayari limeongezwa kwenye msimbo.