Bora unibishie kuliko unifutie

Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilishinda Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na simu mkononi, nikifuata vijia vinavyokatiza kwenye vihamba vya watu, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za Wachagga. Kimoja kinatoka barabarani hadi shuleni. Kilinichukua dakika 12, na humo zimo za kusimama kusalimia. Nikarudi Majengo, hapa mjini Moshi, nikaoga, nikakichora kwenye OpenStreetMap. Kesho yake jioni hakipo.

Kwa asiyeijua, hii ni ramani huria iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004. Inachorwa na watu wanaojitolea, na yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza, kurekebisha au kufuta. Aliyekifuta kijia changu ni mchangiaji wa Ulaya, na sababu aliyoacha ilikuwa fupi: kwenye picha ya setilaiti hakuna njia.

Kweli, haipo. Kihamba ukikitazama kutoka juu unaona majani ya migomba na vilele vya miti ya kivuli. Hata kahawa huioni, sembuse kijia cha kupita mtu mmoja na ndoo yake kichwani.

Nikakirudisha. Akakifuta. Nikakirudisha tena, na safari hii nikaambatanisha sentensi ambayo nisingependa mama yangu aisome. Dada mmoja wa Arusha, mkongwe wa kazi hii, akanipigia simu.

"Mdogo wangu, huyo mtu umeshamwandikia?"

"Si nimemwandikia hapo?"

"Hilo ni tusi. Nauliza kama umeshamwandikia."

Sikuwa nimemwandikia. Mara mbili nimemfutia kazi yake kama alivyonifutia yangu, na bado nilikuwa najiona mwenye haki.

Watu wakizungumzia migogoro kwenye miradi huria, iwe ya ramani au ya programu, ushauri huwa ni kupunguza ubishi. Mimi ubishi hauniudhi hata kidogo. Anayenibishia ameisoma kazi yangu, ameifikiria, na ametoa muda wake ambao halipwi. Kinachoumiza ni kuamka ukute kazi yako imeondolewa bila neno. Ofisini bosi akikuudhi, mshahara wa mwisho wa mwezi unakushikilia mpaka hasira zipoe. Anayejitolea hana cha kumshikilia. Anafunga kompyuta, anaenda kumwagilia mchicha wake, basi. Wala hatakuaga.

Na usidhani anayeondoka ni yule aliyeshindwa tu. Mwaka 2018 wachangiaji wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, walibishana vikali juu ya alama moja: nukta pacha ikifuatwa na alama ya sawasawa, inayomwezesha mwandika programu kuhifadhi thamani katikati ya usemi. Guido van Rossum, aliyeianzisha lugha hiyo na aliyekuwa na neno la mwisho kwa miaka mingi, aliliunga mkono pendekezo hilo. Likapita. Julai hiyohiyo akaachia madaraka yake. Mtu ameshinda hoja, lakini vita vya kuishinda vimemchosha. Wenzake walihitaji miezi kadhaa kukubaliana namna ya kuendelea, wakaishia kuchagua baraza la watu 5.

Kwenye ramani yetu kuna utaratibu ninaoupenda kupita kiasi. Wapo wasuluhishi, nao ni wa kujitolea, wanaoweza kukuwekea kizuizi cha saa sifuri. Hufungiwi siku wala wiki. Unatakiwa tu uingie kwenye akaunti yako, usome ujumbe waliokuachia, kisha endelea kuchora. Adhabu nzima ni kusoma! Nimewahi kutamani ile kamati yetu ya harusi ingekuwa na kitu kama hicho.

Basi nikamwandikia yule bwana. Nikamweleza kihamba ni nini, nikampa picha niliyopiga nikiwa nimesimama katikati ya kijia, migomba kushoto na kulia. Akajibu siku ileile. Akasema amechoka kukuta njia zilizochorwa kwa kukisia, na akaniuliza kuhusu nyingine 3 za hukohuko Uru, zilizochorwa na mtu mwingine zamani. Nikapanda tena juu Jumamosi iliyofuata. Mbili zipo. Ya tatu ilikuwa imezibwa na uzio wa mimea ya masale: wenyewe waliniambia kihamba kiligawanywa kwa watoto, na kila mmoja akaweka mpaka wake. Yule wa Ulaya alikuwa sahihi, bila hata kufika. Njia hiyo niliifuta mimi mwenyewe na kuandika sababu. Kwa Wachagga jani la sale ndilo la kuombea msamaha, lakini hakuna namna ya kulituma kwa intaneti, kwa hiyo nikaandika "samahani" tu.

Ningeishia hapo ningeonekana nimejifunza. Ila kwenye kundi letu la WhatsApp la hapa Moshi tuna ugonjwa uleule katika sura ya adabu. Hatutukanani. Mkubwa akikosea, hakuna anayemwambia. Mdogo anasubiri usiku, anarekebisha kimyakimya. Asubuhi mkubwa anaona, naye ananyamaza. Wiki ya pili unasoma kwamba fulani amejitoa kwenye kundi, na kila mtu anajifanya kushangaa. Tumewapoteza wawili kwa mtindo huo, mmoja wao akiwa ndiye aliyekijua kila kitongoji kwa jina.

Sasa hivi kuna mzee wetu, mwalimu mstaafu, ambaye amekiandika kijito kimoja jina la kijito cha jirani. Nimehakikisha kwa watu wawili wa kulekule. Kukirekebisha ni kazi ya sekunde 10, na nimeshafungua ukurasa huo mara mbili nikaufunga. Tangu jana namwandikia ujumbe. Mpaka sasa nimeandika "Shikamoo mwalimu."